Mizunguko ya Mwisho ya Santuri

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu imeingia, na dari ya hifadhi imeanza kuvuja palepale ilipovuja mwaka jana. Nimeweka ndoo. Mkuu wa Idara alipita asubuhi, akaitazama ndoo, akaitazama mashine mpya iliyokuwa bado na vumbi la makaratasi ya kufungia, kisha akaniuliza ipi kati ya hizo mbili ndiyo niliyokuwa nikiiomba kwa barua mwaka mzima. Nilicheka kwa adabu.

Anataka taarifa kabla mvua hazijakatika. Swali lake ni moja: je, hifadhi ya sauti ibaki na mashine zake za kuchezea santuri zenye mkono wa egemeo, au iziuze zote na kuifuata hii yenye mkono wa reli? Jibu langu ninalijua tayari, jambo ambalo si dalili njema kwa mtu anayelipwa ili alinganishe.

Jumatano, 6 Machi

Ukurasa wa kwanza wa taarifa umekamilika. Naandika hoja yake hapa bila mapambo, nione kama inaweza kusimama yenyewe.

Santuri huchongwa na mashine ambayo kisu chake husafiri kwa mstari ulionyooka, kutoka ukingoni hadi karibu na katikati. Mkono wa kawaida wa kuchezea hausafiri hivyo. Umefungwa upande mmoja kwenye egemeo, kama mlango kwenye bawaba, kwa hiyo sindano yake hupita juu ya santuri kwa upinde. Pana mahali pawili tu ambapo sindano hukaa sawasawa na mfereji wa sauti. Kwingine kote imekaa upande kidogo, na karibu na katikati, ambako mizunguko ni midogo, kosa hilo dogo huanza kusikika kama mkwaruzo. Mkono wa reli hauna egemeo. Unaelea juu ya pumzi ya hewa inayosukumwa na pampu, ukiteleza kando ya bomba lililonyooka, na sindano inafuata njia ileile iliyopitwa na kisu.

Hoja ni safi. Labda ni safi mno.

Jumapili, 10 Machi

Chakula cha mchana kwa Mama. Kaka alikuwapo, kama kila Jumapili ambayo hana mgonjwa mwenye shavu lililovimba. Yeye ni daktari wa meno, na tangu mshahara wake wa kwanza anamiliki mashine ya santuri yenye mkono wa egemeo ambayo huipangusa kwa brashi ya kusafishia meno ya bandia. Nilikosea kutaja taarifa yangu mezani.

“Kwa hiyo Profesa,” akasema, “hiyo mashine yako inahitaji pampu ya hewa ndipo ipige wimbo? Mimi pampu ya hewa naitumia kukausha mate ya watu.”

“Mkono wako unakwenda upogo, Kaka. Hiyo ni jiometri, sikuitunga mimi.”

“Unakwenda kwa adabu. Santuri ikiyumba, nao unayumba nayo. Wako unakwenda kama askari wa gwaride. Mbele akitokea kuku, kuku ndiye ahame.”

“Kuku gani?” Mama akauliza. “Hakuna kuku leo. Kula maharage.”

Tulicheka, naye akacheka kwa kuwa tumecheka. Siku hizi hucheka hivyo mara nyingi. Daktari wa masikio amemwambia wazi kwamba kifaa kitamsaidia kwa muda, si kwa muda mrefu.

Baada ya chakula Mama aliingia chumbani, akatoka na foronya iliyofungwa fundo. Ndani mlikuwa na santuri moja nyeusi. Imetoka kwa marehemu Mama Mkubwa, dada yake wa kwanza, ambaye watoto wake walipogawana vitu hawakuona mwenye haki nayo zaidi ya Mama. Ni sauti ya Babu. Aliisema studio kabla ya safari ya kazi ambayo hakurudi. Anawaaga watoto wake, mmoja baada ya mwingine, kuanzia mkubwa. Mama ni kitinda mimba. Wakati huo alikuwa bado anajifunza kutembea.

Nilijua kisa hiki nusu. Nusu ya pili niliisikia leo. Santuri ilipofika nyumbani iliazimwa gramafoni kwa jirani. Kabla haijaisha, jirani alihofia sindano yake, akaunyanyua mkono. Wakubwa walikuwa wamekwisha kutajwa wote. Tangu siku hiyo Mama Mkubwa alipotaka kumliza mdogo wake alimwambia, “Baba alituaga sote isipokuwa wewe.”

“Utoto huo, Mama,” Kaka akasema.

“Alinirudia nalo siku ya harusi yangu,” Mama akajibu. “Kwa utani. Nami nikacheka.” Kisha akanigeukia. “Wewe ndiyo kazi yako. Nataka kujua alinitaja au hakunitaja. Na nataka nisikie kwa masikio yangu, si nisimuliwe.”

Nikamwambia hilo ni jambo dogo. Nilisema “dogo”.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Ndoo ya pili.

Alhamisi, 14 Machi

Nimeikagua santuri kwa taa na kioo cha kukuza. Ni sahani ya alumini iliyopakwa laka, utando mweusi wa kung'aa, aina iliyochongwa moja kwa moja studio bila nakala. Laka ni laini; kila sindano inayopita inaondoka na kitu. Sehemu ya nje imekuwa kijivu kwa ile sindano ya chuma ya jirani. Lakini upana wa kidole karibu na katikati ni mweusi unaong'aa kama jicho. Hakuna sindano iliyowahi kupita hapo. Kama Babu alisema lolote kwa Mama, limo humo, na halijaguswa.

Tundu la katikati limeliwa upande mmoja. Mama Mkubwa aliitundika ukutani kwa msumari miaka yote hiyo, kama picha. Kwa hiyo santuri haikai katikati ya sahani ya mashine. Ikizunguka inayumba kushoto na kulia. Tiba yake ni kuisogeza kwa ukucha, kidogo kidogo, hadi itulie, na ni kazi ya subira.

Mlangoni pa hifadhi kuna karatasi niliyoibandika mwenyewe: KINASA SAUTI KWANZA, SINDANO BAADAYE. Santuri ya laka haichezwi kwa majaribio. Mchezo wa kwanza ndio bora kuliko yote itakayofuata, kwa hiyo ndio unaonaswa.

Naona nimeyaandika haya kana kwamba namfundisha mtu.

Jumamosi, 16 Machi

Nitaandika kwa mpangilio, kwa sababu mpangilio ndio pekee ninaoweza kuusimamia leo.

Kaka alikuja hifadhini saa nne asubuhi na mwavuli unaochuruzika. Nilimwalika mimi. Nilijiambia namwalika kwa ajili ya santuri ya Babu, kwa kuwa ni babu yake pia. Si kweli, au si kweli yote. Nilimwalika ili ashindwe.

Mashine zetu za mkono wa egemeo zilikuwa zimepangwa ukutani ndani ya maboksi, tayari kuuzwa. Akaligonga boksi moja kwa kifundo cha kidole.

“Taarifa imesomwa tayari?”

“Bado.”

“Basi hawa wamehukumiwa kabla ya kesi.”

Kinasa sauti kilikuwa kabatini. Nilikiweka humo Jumanne kukiepusha na matone. Kukitoa, kukiunganisha na kukipima ni kazi ya karibu saa nzima. Nikasema, “Tutanasa Jumatatu. Leo nikuonyeshe kitu kimoja tu.” Naikumbuka sentensi hiyo jinsi ilivyokuwa nyepesi mdomoni.

Kitu hicho kimoja kilikuwa kile kipande kinachong'aa. Ubishi wetu wote ulikuwa juu ya mizunguko ya karibu na katikati, mahali ambapo mkono wa egemeo hukwaruza na wa reli haukwaruzi. Nilikuwa nayo mbele yangu mizunguko ambayo haijawahi kuguswa. Sikudhani ningepata jaribio safi zaidi maishani. Nilipiga pampu, nikaiweka santuri, sikuisogeza kwa ukucha, nikateremsha sindano kwenye kijivu, mizunguko michache tu kabla ya kile cheusi.

Mkono ulianza kuyumba, kushoto na kulia, kwa kila mzunguko, ukiburuta uzito wake wote. Mkono wa reli ni mwepesi kwa macho tu. Kwenda juu na chini ni mwepesi kweli, lakini kwenda kando unabeba kila kitu ulichofungiwa, na anayeusukuma kwenda na kurudi si mwingine ila ukuta wa mfereji. Nilijua hili. Limo kwenye ukurasa wa nne wa rasimu yangu, chini ya kichwa “Mapungufu madogo”. Lakini nilipouona unayumba nilifurahi. Nilifikiri: tazama unavyoteleza.

Sauti ya Babu ilitoka wazi. Sauti ya mtu mchangamfu, aliyesogea karibu mno na kipaza sauti. “Na wewe Mapengo, soma. Ukinyimwa chakula soma, ukishiba soma.” Mapengo ni mjomba wetu, wa mwisho kabla ya Mama. Kaka alicheka kwa jina hilo, kwa sababu za kikazi. Halafu pakawa na kimya kifupi kwenye santuri. Halafu Babu akavuta pumzi na kuanza tena.

Nami nikaanza pia. Nilimgeukia Kaka, nikanyoosha kidole, nikasema kwa sauti ya darasani: “Unaona? Mpaka ndani kabisa, na haujapinda hata kidogo!”

Kaka aliinua mkono. “Nyamaza kidogo.”

Nilipokwisha kunyamaza, Babu naye alikuwa amekwisha. Sindano ilikuwa kwenye mfereji wa mwisho, inazunguka mahali pamoja: tk, tk, tk.

“Alisema nini?” nikauliza.

“Alisema ‘Na huyu’. Baada ya hapo ulisema wewe.”

Tukatazamana. Nikasema si kitu, tutasikia Jumatatu. Kaka alikuwa ameinama juu ya santuri, akiitazama kwa jicho lile analotazamia meno. Unyoya mweusi wa laka, mwembamba kama uzi wa buibui, ulikuwa umejikunja juu ya sindano. Alichukua mwavuli wake.

Jumapili, 17 Machi

Sikwenda kwa Mama. Nilimwambia ni mvua.

Jumatatu, 18 Machi

Niliunganisha kila kitu kwa utaratibu. Niliisogeza santuri kwa ukucha hadi ikatulia. Ilinichukua muda usiozidi wa kuchemsha chai. Kinasa sauti kikawaka. Sindano ikashuka.

Mapengo alitoka, amefunikwa na vumbi la sauti. Kikafuata kimya. Kisha mchirizo mzito, kama mafuta yanayokaanga, na ndani yake, mbali, kitu kilichoweza kuwa sauti ya mwanamume au kilichoweza kuwa matumaini yangu. Kisha sindano ikaruka hadi mfereji wa mwisho.

Kwenye kioo cha kukuza kuta za mfereji zimechimbika, upande huu kisha ule, kwa mpigo uleule wa kuyumba. Ni mwandiko wa mkono wa reli. Mtu yeyote wa fani yangu angeusoma.

Najua pia kwamba ipo njia. Sindano yenye ncha pana zaidi hukaa juu zaidi kwenye kuta za mfereji, na huenda ikagusa sehemu ambayo haikuchimbwa. Ingehitaji mkono mwepesi, unaotii. Ningelazimika kufungua boksi mojawapo mbele ya wenzangu wote niliowaambia hatutayahitaji tena. Nimekaa nikiyatazama maboksi hadi saa ya kufunga.

Jumatano, 20 Machi

Kwenye taarifa nimeandika kwamba kielelezo kimoja kiliharibika “kutokana na unyevu wa msimu”. Sentensi nzuri. Haina mtendaji.

Jumapili, 24 Machi

Nilimwambia Mama uongo huohuo, kwa sauti kubwa, kwa sababu kwa sauti ndogo haukumfikia. Nimegundua kwamba kumdanganya mtu asiyesikia vizuri ni kazi ya aibu maradufu: unausema, anauliza “Nini?”, unausema tena kwa nguvu zaidi.

“UNYEVU, Mama. Laka imeharibiwa na unyevu.”

Kisha akasema, “Niliiweka chini ya kitanda.”

“Si lazima iwe hapo.”

“Chini ya kitanda, na ule ukuta unatoa maji. Mama Mkubwa wenu aliitunza miaka yote ukutani, juu, pakavu. Nimekaa nayo mimi wiki mbili tu, nimeiua.”

Kaka alikuwa akikata embe kwenye sinia. Kisu chake kilisimama. Hakunitazama, na kutonitazama kwake kulikuwa kwa makusudi kama kofi.

“Pengine ni haki,” Mama akaendelea, akipangusa meza isiyo na uchafu. “Kama hakunitaja, basi nisimfukunyue.”

Hapo ndipo ningesema. Nafasi ilikuwapo, pana kama mlango. Niliuliza kama kuna chumvi.

Jumatano, 27 Machi

Mama amepiga simu. Amesogeza kitanda, amepaka ukuta chokaa mwenyewe. Mgongo unamuuma.

Jumamosi, 30 Machi

Mvua imenyesha toka alfajiri. Nilikwenda kliniki kwa Kaka. Mhudumu wa mapokezi alinidhani mgonjwa, akanipa kiti kati ya watu walioshika mashavu yao, nikaona ni mahali panaponifaa.

Alinikaribisha ndani, akaketi kwenye kigoda chake cha magurudumu. Kiti kingine kilikuwa kile cha wagonjwa tu. Nikakalia hicho.

“Hujamwambia,” nikasema.

“Mimi? Nimwambie nini?”

“Ulikuwapo.”

“Nilikuwapo. Lakini jino si langu, dada. Mimi nang'oa ya watu wanaofungua mdomo.”

Nilimweleza kuhusu sindano pana na mkono mwepesi. Nilimweleza kwamba mashine yake inaweza kufaa. Nilitegemea atatabasamu, nilikuwa nimejiandaa kwa tabasamu hilo njia nzima. Hakutabasamu.

“Ulilijua hili lini?”

“Siku ileile ya Jumatatu.”

“Na leo ni lini?”

Nje mtoto alikuwa analia kabla hajaguswa.

“Sikiliza,” akasema, kwa upole ambao ulinichoma kuliko kejeli. “Maji yakimwagika hayazoleki, lakini sakafu hupigwa deki. Njoo Jumamosi. Ila kuna sharti. Tukipata kitu, tusipate, Jumapili unamwambia Mama mambo ya ukuta wake.”

Nimekuwa nikimwona Kaka miaka yote kama mtu anayependa vitu vya zamani kwa uvivu wa kufikiri. Huenda nilikosea. Au huenda namsifu leo kwa sababu namhitaji. Sipaswi kuiamini hata toba yangu haraka namna hii.

Jumanne, 2 Aprili

Mkuu wa Idara ameisoma rasimu. Anasema ni “mfano wa hoja isiyotetereka”. Ameomba kuisoma mbele ya wenzake. Ndoo zote mbili zimejaa. Nilizimwaga ili niwe na sababu ya kutoka.

Jumamosi, 6 Aprili

Sebuleni kwa Kaka, dirisha limefungwa kwa mvua. Nilikuja na kinasa sauti, sindano pana kutoka stoo ya idara, na santuri katika foronya yake. Kinasa sauti kikawashwa kwanza. Kaka alikagua taa yake nyekundu kama inawaka, akaikagua tena.

Aliisogeza santuri mwenyewe. Ana vidole vya kazi hiyo. Mfereji bado uliyumba kidogo, kwa maana tundu lililoliwa na msumari halirudi kuwa duara, na mkono wake wa egemeo ukayumba nao, bila kusukumana, kama mtu anayetembea na mgonjwa. Ndiyo, ulikaa upogo. Ndiyo, ulikwaruza. Jiometri yangu ilikuwa sahihi yote.

“Na wewe Mapengo, soma.”

Kikaja kimya. Safari hii nilikisikiliza. Ndani ya kimya kile mna kitu: pumzi ndogo, ya haraka, yenye kamasi. Huenda ni uchafu wa mfereji. Niliandika hivyo kwenye karatasi: huenda ni uchafu.

Kisha Babu, kupitia mafuta yanayokaanga: “Na huyu aliyelala hapa mapajani kwangu, ambaye…”

Na baada ya “ambaye”, mchirizo. Tulirudia kwa sindano nyingine, tukarudia kwa uzito mdogo zaidi. Mchirizo. Yaliyobaki yalikuwa kwenye ule unyoya mweusi ambao niliupuliza ukaanguka sakafuni tarehe kumi na sita.

Hakuna aliyewahi kumwambia Mama kwamba siku ile alipelekwa studio. Labda hapakuwa na wa kumwachia. Labda alilia hadi akachukuliwa. Nakisia tu. Babu hakumtaja jina kwa sababu hakuna anayemuaga mtu aliyempakata, au kwa sababu jina lilikuwa mbele, baada ya “ambaye”. Sitajua.

Kaka alivua miwani. “Ile pumzi si uchafu,” akasema. “Huyo ni Mama. Anakoroma hivyohivyo mpaka leo.”

Tulicheka, kisha yeye akaenda dirishani na kukaa huko amenipa mgongo.

Jumapili, 7 Aprili

Nilimvika Mama hedifoni, nikaongeza sauti hadi mwisho. Kaka alisimama mlangoni.

Uso wake haukubadilika kwa Mapengo. Kwenye kile kimya aliinamisha kichwa. Ilipofika “aliyelala hapa mapajani kwangu”, mkono wake ulitua juu ya paja lake mwenyewe, ukakaa hapo, kama anayempapasa mtoto asiyekuwapo.

“Rudisha.”

Nilirudisha.

“Rudisha.”

Sikuhesabu. Mwishowe alivua hedifoni, macho yamemjaa, akacheka. “Mapajani! Na yule mwanamke alinitesa maisha yangu yote. Nilikuwa mapajani!” Akapiga meza. Halafu akaniuliza kile nilichokuwa nikikisubiri tangu jana. “Ambaye nini, mwanangu?”

“Hapo imeharibika, Mama.”

“Unyevu.”

Kaka alikohoa.

“Si unyevu,” nikasema. “Si ukuta wako. Ni mimi.”

“Nini?”

“NI MIMI. Niliiweka kwenye mashine isiyofaa, bila kuisawazisha. Bila kunasa. Yale maneno yalisikika mara moja tu, hifadhini, mimi na Kaka tukiwapo.”

“Basi mliyasikia.”

“Hatukuyasikia. Nilikuwa naongea.”

Alisogeza sikio lake zuri. Nilidhani hakunisikia. Sasa nafikiri alisikia vizuri kabisa.

“Ulikuwa unasema nini?”

“Mama…”

“Baba yangu alikuwa anasema. Wewe ulikuwa unasema nini?”

“Nilisema haujapinda hata kidogo.”

“Sikusikii.”

“Nilisema, haujapinda hata kidogo!”

“Nani hajapinda?”

“MKONO, MAMA! MKONO WA MASHINE! NILISEMA HAUJAPINDA HATA KIDOGO!”

Jirani aliyekuwa akianua nguo upande wa pili wa ua alisimama na shuka mikononi, akatutazama dirishani. Mvua ilikuwa imekatika kidogo, na kila kitu kilisikika. Nilibaki na sentensi yangu katikati ya chumba, ikiwa tupu kama alivyokuwa tupu aliyeisema.

Mama aligeuza viganja vyake juu ya meza. Kisha akasema, bila ukali, na heri angekuwa mkali: “Nimepaka ule ukuta kwa mikono hii.”

“Najua.”

“Leta chai,” akamwambia Kaka. Mimi hakuniambia kitu. Nilipoondoka alinishika kiganja, akakiachia mapema kuliko kawaida yake. Au ndivyo nilivyoona. Sijiamini tena kwa mambo ya vipimo.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimemrudishia Mkuu wa Idara taarifa iliyoandikwa upya. Hitimisho lake halipendezi: kila mkono una santuri zake, mkono wa reli ubaki kwa santuri zilizokaa sawa, wa egemeo kwa zile zilizopinda, zilizoliwa tundu, zilizoishi katika nyumba za watu; na mashine zitolewe kwenye maboksi. Ile sentensi ya unyevu nimeifuta. Mahali pake nimeandika nilichofanya, na mtendaji yumo.

“Hoja yako ya kwanza ilikuwa na nguvu zaidi,” alisema.

“Ndiyo,” nikamjibu. “Hilo ndilo lililonidanganya.”

Jumapili, 21 Aprili

Jua. Ndoo nimezianika juani.

Mama aliagiza nimwandikie maneno yote ya santuri, awagawie watoto wa Mama Mkubwa na wa mjomba Mapengo. Nimempelekea leo, yamepigwa chapa kwa utaratibu wa hifadhi. Mwishoni niliandika: “Hapa msemaji anamtaja mwanawe wa mwisho, aliyelala mapajani mwake. Maneno yanayofuata yamepotea. Yaliharibiwa na mtunza hifadhi.”

Alivaa miwani, akasoma polepole, midomo ikicheza. Alipofika mwisho aliomba kalamu. Nilidhani ataufuta mstari wote, na nakiri kwamba kwa pumzi moja nilitamani aufute.

Hakuufuta. Alipiga mstari juu ya maneno mawili tu, “mtunza hifadhi”, na juu yake, kwa herufi zake kubwa za shule ya msingi, akaandika: “mjukuu wake”. Kisha akanirudishia karatasi niipige chapa tena, nakala za kutosha kila mtu.